Mbao za Darini

Walimkuta Jumanne kwenye magugumaji ya Igombe,
viatu miguuni, mfukoni funguo mbili
na karatasi iliyolowa mpaka ikarudi kuwa uji.
Jina hana. Uso, samaki walishaupitia.
Polisi wakaandika, daktari akaandika,
siku ya tisa mtaa ukaambiwa: mzikeni.
Wakanijia mimi, kwa kuwa nina msumeno.

Swali lilikuwa dogo tu: alazwe vipi?

Bi Mwanahawa akaacha sufuria lake la wali, akaja.
Ubavu wa kulia, akasema, uso kibla,
na kibla, hapa kwetu, ni huko huko ziwani,
atakuwa anatazama alikotoka.
Sanduku la nini? Sanda inamtosha.
Wale wawili wanaokuja na maswali
hawana haja ya mlango.

Katekista Bugumba akakohoa.
Miguu mashariki, akasema, ili parapanda ikilia
asimame akiwa ameshaelekea.

Kokushubila, mikono yote magamba ya dagaa, akacheka.
Mnagawana ganda. Mugasha akishika hakopeshi.
Mwenyewe yuko chini huko, kapewa fimbo,
anachunga ng'ombe wa majini.

Jayantilal wa duka la vifaa alileta misumari robo kilo,
pesa akakataa.
Kwao, alininong'oneza, ni moto kwanza, halafu maji.
Huyu kaanza na maji. Sasa?
Akaondoka na haya, kama mtu aliyekosea hesabu ya mteja.

Okumu fundi baiskeli hakutoa ushauri.
Alisema tu, huenda kwao wameshamzika.
Mtu wetu akipotelea majini, tunachuma tunda la mwegea,
refu, zito kama mtoto wa wiki,
tunalilaza, tunalililia, tunalifukia uani,
roho isije ikazunguka ikiuliza nyumba yake iko wapi.

Tukanyamaza.
Kila mmoja alimwona, kwa jicho lake,
mwanamke mahali fulani akilibembeleza tunda.

Nilimpima kwa kamba. Inchi sikutaka kuzijua.
Kamba ilipofika kisiginoni
mkono wangu ukaufahamu urefu ule.

Darini kwetu zilikuwepo mbao nne za mninga,
miaka kumi na mmoja, mavi ya popo juu yake.
Mama alizinunua mwezi ule Shigela alipokwenda Ukara
na mtumbwi ukarudi peke yake.
Aliuza ndama. Ziwa litamleta, alisema,
lisije likakuta fundi hana mbao.
Kila kiangazi nilizigeuza zisipinde.
Na kila mavuno yeye humwaga togwa mlangoni,
anawaita masamva mmoja mmoja, babu, baba wa babu,
akifika penye jina la kaka yangu
analiruka, kama mtu arukaye dimbwi,
kwa sababu kumwita upande ule
ni kumfungia njia ya upande huu.

Nilipanda ngazi. Ruhusa sikuomba.
Alikuwa uani na ungo wa choroko.
Alisikia mbao zikikwaruza boriti.
Kichwa hakuinua.

Usiku kucha nilikata. Taa ya chemli,
vumbi jekundu mpaka kwenye kope.
Asubuhi tukamlaza ubavu wa kulia, uso ziwani.
Bugumba alitaka miguu mashariki, akapata kichwa;
akasema basi, Mungu atamgeuza.
Kifuniko nilikiegesha tu, Bi Mwanahawa akaniona, akanyamaza.
Misumari yote ya Jayantilal bado ninayo.
Funguo zile mbili tulimwekea kiganjani.
Hilo halikuwa la dini ya mtu yeyote,
ila hakuna aliyepinga.

Jioni Mama akaniita.
Nilijiandaa. Nilikuwa na maneno, niliyachonga njia nzima.

"Umepiga randa na ndani?"

"Na ndani, Mama."

Akapepeta ungo. Akatoa jiwe moja, akalitupa.